Mtoto wa Pemba Analinganishwa na Nani?

Mzazi wa Kizanzibari anayebahatika kumfikisha mwanawe kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtoto kumudu shughuli zake za kila siku, huenda akarudi nyumbani na ripoti yenye jadweli: kusikia, kugusa, mwendo, mizani ya mwili, na mbele ya kila kipengele maelezo kwamba mtoto yuko sawa na wenzake, au amewazidi, au amewazidi kwa mbali, na kuzidi huko ni ishara ya tatizo, si sifa. Mzazi huisoma jadweli hiyo kama anavyosoma majibu ya damu. Hoja yangu ni kwamba majibu hayo hayafanani na ya damu, kwa sababu wenzake wanaotajwa hapo si watoto wa Wete wala wa Makunduchi. Ni watoto wa Marekani waliokusanywa na watunzi wa kipimo. Mpaka tutakapokuwa na takwimu za watoto wetu wenyewe, alama hizo zisitumike kumwamulia mtoto wa visiwa hivi skuli, darasa wala ugonjwa. Wala sikubaliani na wanaoona kwamba dawa ya tatizo hili ni kuvitupa vipimo vyenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Mwili wa mtoto hupokea taarifa kupitia milango mitano ya fahamu tunayoijua sote, na pia kupitia hisi mbili zisizotajwa sana: hisi ya mizani na mwendo iliyomo ndani ya sikio, na hisi ya misuli na viungo inayomjuulisha mtu mkono wake ulipo hata akiwa amefumba macho. Ubongo huzichuja taarifa hizo, ukaziacha zisizo na kazi na kuzitumia zilizobaki ili mwili uitike ipasavyo, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa uchakataji wa hisi. Wapo watoto ambao kazi hiyo huwaendea mrama. Mmoja huangua kilio kila anapomwagiwa maji kichwani, mwengine hajui kwamba uso wake umejaa uji mpaka aambiwe, na wa tatu hawezi kukaa kitako mpaka kwanza akimbie, aruke, ajibamize ukutani.

Aliyeupa uwanja huu msingi wa kitaalamu ni A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwanasaikolojia wa California, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1988. Seti yake kubwa ya majaribio, iliyochapishwa mwaka 1989, ina majaribio 17 kwa watoto wa miaka 4 hadi miaka 8 na miezi 11, na wastani wake ulitokana na watoto wapatao 2,000 wa Marekani na Kanada. Baadaye yalikuja madodoso yanayojazwa na wazazi na walimu, ambayo ni rahisi zaidi kuyatumia na kwa hiyo yameenea zaidi. Dodoso la Winnie Dunn lilitoka mwaka 1999 na kuhuishwa mwaka 2014, na jengine, lenye fomu moja ya nyumbani na nyengine ya darasani, lilitoka mwaka 2007. Ni kazi za watu makini, na sina nia ya kuzibeza.

Tatizo limo katika hesabu inayozaa zile alama. Kipimo sanifu cha aina hii hakina mstari wa kudumu kama kipimo cha homa. Watunzi hukusanya majibu ya watoto wengi, wakatafuta wastani, kisha wakatafuta mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho watoto wa kawaida hutawanyika kutoka kwenye wastani huo. Karibu watoto 68 katika kila 100 huwa ndani ya mkengeuko mmoja juu au chini. Wanaovuka mikengeuko miwili upande wa juu ni kama 2 tu katika 100, na hao ndio wanaoandikiwa kwamba wamewazidi wenzao kwa mbali.

Sasa tuseme kwamba maisha ya hapa, kwa sababu zake, yanawafanya watoto wetu wazima wapate wastani ulio juu kwa mkengeuko mmoja kuliko ule wa Marekani. Hakuna mtoto aliyeugua, ila mstari wa Marekani umebaki pale pale, na wanaouvuka sasa si 2 tena katika 100 bali ni kama 16. Watoto 14 wasio na tatizo lolote wamepewa tatizo na karatasi. Geuza upande wa pili: kama wastani wetu uko chini kwa mkengeuko mmoja, wale watoto 2 katika 100 wanaohitaji msaada kweli karibu wote hawaufikii mstari huo; anaufikia kama mmoja tu katika kila watoto 1,000, na waliobaki watarudishwa nyumbani na maneno mazuri. Makosa yote mawili yanaweza kutokea ndani ya dodoso moja, kwa mtoto mmoja, juu katika kipengele cha mwendo na chini katika kipengele cha kugusa. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu ripoti ya namna hiyo inaonekana timamu.

Je, kuna sababu ya kudhani kwamba wastani wetu ni tofauti? Watazame watoto wanaojirusha baharini pale Forodhani jioni, mmoja baada ya mwengine, wengine kwa kichwa, wakapanda ukuta na kujirusha tena mpaka maghribi. Watazame wa shamba wanaoparamia miembe kabla hata ya kuanza skuli. Madodoso haya huuliza kama mtoto anatafuta mwendo kupita kiasi, kama anapanda na kuruka bila kujali hatari, na mzazi mkweli wa hapa atajibu kwamba ndiyo, kila siku, bila kuwa amesema lolote la ajabu kuhusu mwanawe. Kwa upande wa kugusa, mtoto wetu hutembea pekupeku mchangani, hulala mkekani pamoja na ndugu zake, na hula wali kwa mkono. Mtoto ambaye ngozi yake haivumilii mguso huonekana hapa mapema, kwenye sinia ya chakula, pale anapokataa kuutia mkono ndani ya wali wenye mchuzi huku wenzake wakimaliza. Fomu iliyotungwa kwa ajili ya nyumba za vijiko na uma haina sababu ya kuuliza kuhusu sinia, na kwa hiyo dalili iliyo wazi kuliko zote inapita bila kuandikwa.

Kipo pia chuo cha Kurani, nacho kinastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa sijui mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mtoto anavyochuja sauti. Watoto wengi wameketi mkekani bega kwa bega, kila mmoja ana ubao au juzuu yake, na kila mmoja anasoma kwa sauti aya yake, tofauti na ya jirani. Mtoto ambaye masikio yake yanachuja vizuri hujishikiza kwenye sauti yake mwenyewe na akasonga mbele. Asiyeweza kuchuja hunyamaza, au husoma aya ya mwenziwe bila kujua, au hupiga makelele kuliko wote ili ajisikie, au hulia na kukataa kwenda. Mwalimu wa chuo hukaa na watoto hao kwa miaka, aghalabu tangu wakiwa wadogo kuliko umri wa darasa la kwanza, na anaweza kukuambia bila kusita ni nani kati yao hajifahamu mle ndani. Hakuna dodoso la kigeni litakalomuuliza mwalimu huyo. Kila nikisoma fomu ya darasani iliyotungwa kwa mtoto mwenye kiti chake na meza yake, namfikiria yeye na yale anayoyajua ambayo hayana kisanduku cha kutiwa alama.

Namna ya kujibu nayo ni kikwazo. Dodoso la Dunn humtaka mjibuji achague baina ya karibu kila mara, ambayo ni asilimia 90 au zaidi ya wakati, kisha asilimia 75, asilimia 50, asilimia 25, na karibu hapana kabisa, ambayo ni asilimia 10 au chini. Nimewahi kukaa pembeni mtaalamu kijana mwenye subira kubwa akimuuliza maswali ya namna hii bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kutoka upande wa Micheweni.

“Bibi, mjukuu wako huziba masikio kukiwa na kelele?”

“Huziba, mwanangu.”

“Sasa huziba kila mara, au nusu ya wakati, au mara chache?”

Bibi alifikiri kidogo. “Siku ya harusi ya ami yake aliziba. Lakini hata mimi niliziba, ngoma ilikuwa kubwa. Ila mvua ikipiga bati usiku, huyu huamka akatetemeka mpaka asubuhi, na wenziwe wote wamelala.”

Kijana yule alilazimika kuligeuza jibu hilo liwe namba moja baina ya moja na tano. Angeweza kuandika mbili, angeweza kuandika nne. Lakini bibi alikuwa amekwishatoa ushahidi ulio bora kuliko namba yoyote: ametofautisha kelele inayomuudhi kila mtu na ile inayomuudhi mtoto huyu peke yake, ametaja wakati, ametaja mwili ulivyoitika, na amemlinganisha mjukuu wake na watoto wengine wa nyumba ileile. Kwa maoni yangu fomu yetu wenyewe, tukiitunga, sharti ijengwe kwa namna bibi alivyojibu, kwa matukio yanayojulikana: mvua kwenye bati, kunyolewa, kuogeshwa kwa kata, kanzu mpya ya sikukuu, safari ya gari iliyojaa, moshi wa udi chumbani.

Majaribio yanayofanywa na mtoto mwenyewe hayategemei sana kumbukumbu ya mzazi, na kwa sababu hiyo nayaona salama kiasi. Katika moja ya majaribio ya Ayres mtoto huketishwa kwenye ubao, akazungushwa mizunguko 10 kwa sekunde 20, kisha hutazamwa macho yake yanachezacheza kwa muda gani, na hapo sioni utamaduni ukiingilia sana. Lakini katika seti hiyohiyo mtoto hutakiwa kunakili michoro kwa penseli, na mtoto wa miaka mitano ambaye penseli ameishika kwa wiki chache tu atapata alama ya chini kwa sababu ambayo haihusiani na ubongo wake.

Kuna jambo ambalo mzazi ana haki ya kuambiwa kabla ya kuondoka na ripoti. Matatizo ya uchakataji wa hisi, yakisimama peke yake, hayamo katika orodha ya magonjwa ya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliotoka mwaka 2013. Yanatajwa humo kama mojawapo ya dalili za usonji (autism). Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2012 kikiwashauri madaktari kwamba kwa jumla wasiyatumie kama jina la ugonjwa unaojitegemea. Na utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 138 wenye usonji na kuchapishwa mwaka 2022 haukuona kwamba tiba ya hisi ya mtindo wa Ayres iliwapunguzia watoto tabia ngumu kuliko huduma za kawaida. Hayo hayamaanishi kwamba mtoto anayetetemeka kwa mvua anajifanya, kwani dhiki yake ni ya kweli na inastahili msaada. Yanamaanisha kwamba alama ya dodoso si jina la maradhi, na kwamba familia isiuze shamba kwa ajili ya tiba iliyoagizwa na jadweli.

Kuna pia mambo ya kuangaliwa kabla ya hisi kulaumiwa. Mtoto asiyeitika akiitwa apimwe masikio kwanza, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Anayejikwaa na kugonga vitu apimwe macho. Anayezubaa na kuchelewa kutembea apimwe damu. Kwa hili Pemba ina ushahidi wake yenyewe: mwaka 2001 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa kisiwani humo kwa watoto 614 wa miezi 6 hadi 59, ambao baadhi yao walipewa dawa ya madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja na wengine hawakupewa. Lugha ya waliopewa ilisonga mbele, na wale kati yao waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walisonga mbele katika viungo na mwendo pia. Mtoto kama huyo angeweza kabisa kuandikiwa kwamba hasajili taarifa za hisi, na kumbe alihitaji madini ya chuma.

Baada ya yote hayo, kwa nini nisiseme vipimo viachwe? Kwa sababu najua kinachokaa mahali pake vikiondoka. Mtoto anayekimbia darasani huitwa mtundu, na hupigwa. Anayekataa kanzu huitwa mkaidi. Anayepiga kelele usiku husemwa ana shetani, na fedha za familia huishia kwa mganga. Hukumu za namna hiyo hutolewa na mtu mmoja, kwa siku moja, akiwa amechoka, na mtoto hana pa kukata rufaa. Kipimo sanifu, kikitengenezwa kwa haki, huwauliza watoto wote maswali yaleyale kwa utaratibu uleule, huwasikiliza wazazi na walimu mbalimbali, na huacha maandishi ambayo mtaalamu mwengine anaweza kuyakagua na kuyapinga. Mtoto wa maskini anauhitaji usanifu huo kuliko mtoto wa mwenye uwezo, ambaye atapelekwa Dar es Salaam au Nairobi kutafutiwa rai ya pili na ya tatu.

Ndiyo maana nataka tuwe na takwimu zetu, na sioni kama ni ndoto. Kilifi nchini Kenya, pwani hii hii ya Waswahili, watafiti walitengeneza kipimo cha mwendo na cha uratibu wa macho na mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Malawi wametengeneza chao, kilichochapishwa mwaka 2010 kikiwa na vipengele 136, baada ya kuwapima watoto 1,426 wa vijijini. Wanafunzi wa kazi ya Ayres wenyewe wametunga seti mpya ya majaribio 20 kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, kwa lengo la kuwa nafuu na la kukusanya wastani kutoka nchi nyingi. Ni vyema tukaingia humo, ila wastani wa dunia nzima nao hautoshi, maana utatufanya sehemu ndogo sana ya hesabu kubwa.

Kwa kawaida hutakiwa watoto wapatao 100 kwa kila kundi la umri. Tukianza na watoto wa miaka 3 hadi 8, hayo ni makundi sita, yaani watoto 600, idadi ambayo haifikii hata wale 614 ambao Pemba ilikwisha kuwafuatilia zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na orodha za shehia zipo, kwa hiyo kuchagua watoto bila upendeleo, wa mjini na wa shamba, wa Unguja na wa Pemba, wanaokwenda skuli na wasiokwenda, ni kazi inayowezekana. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Chake Chake ina uzoefu mrefu wa tafiti za jamii, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Wataalamu wa tiba kwa vitendo ni wachache, na hilo ndilo pengo la kweli. Lakini kazi ya kuuliza maswali inaweza kufanywa na wauguzi na walimu waliofundishwa vizuri, mradi kila mtoto wa kumi, kwa mfano, aulizwe tena na mtu mwengine baada ya wiki mbili ili ijulikane kama majibu yanashikamana. Fomu isiyotoa jibu lilelile kwa mtoto yuleyule haifai, hata ikiwa imetungwa hapa hapa kwa Kiswahili fasaha.

Gharama itatajwa, na nakubali kwamba vituo vyetu vya afya vina mahitaji yanayolia zaidi. Hata hivyo gharama ya kumkosea mtoto huanguka nyumbani, ambako haiandikwi katika bajeti ya mtu. Mama huacha biashara yake ndogo akabaki na mtoto aliyefukuzwa skuli ya maandalizi kwa sababu “hatulii”, na miaka miwili baadaye mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa nyuma ya wote.

Katika kipindi hiki cha kungoja, mtaalamu anaweza kuendelea kuyatumia madodoso ya kigeni kama mwongozo wa mazungumzo, akauliza, akaandika matukio aliyoelezwa, na asiandike alama ya kulinganisha. Ripoti itaje kipimo kilichotumika, mwaka wake, watoto wa nchi gani waliotumika kupata wastani, nani aliyeyafasiri maswali na nani aliyeyajibu. Kisha iweke lengo moja au mawili ambayo familia imeyachagua yenyewe, kama vile mtoto kukaa chuoni mpaka mwisho wa somo, au kuogeshwa bila kushikwa kwa nguvu, yakiandikwa kwa ngazi tangu hali ya leo hadi hali inayotarajiwa, na tarehe ya kuyaangalia tena baada ya miezi mitatu. Kwa njia hiyo mtoto hulinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe, jambo ambalo halihitaji wastani wa nchi yoyote. Na Wizara ya Elimu, ambayo ina kitengo cha elimu mjumuisho, iziagize skuli kwamba ripoti isiyotaja watoto wa rejea ni wa wapi haitakuwa sababu ya kumhamisha mtoto yeyote darasani kwake.